Dawa za bei poa na UVIKO-19: Soko lilikimbia, majaribio yakafuata

KATIKA wiki iliyoishia Agosti 13, 2021, maduka ya dawa nchini Marekani yalihudumia vyeti vya madaktari zaidi ya 88,000 vya dawa ya ivermektini. Kabla ya ugonjwa wa UVIKO-19 kuingia, wastani wa wiki ulikuwa vyeti 3,600. Takwimu hizo zilitolewa na CDC, taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayodhibiti magonjwa. Kwa lugha ya soko, mahitaji ya bidhaa moja yalipanda mara 24 bila bidhaa yenyewe kubadilika hata kidogo.

Ivermektini si dawa ngeni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ndiyo inayogawiwa bure katika kampeni dhidi ya usubi huko Mahenge na dhidi ya matende katika mikoa ya pwani. Inatumika kwa binadamu tangu miaka ya 1980, na wavumbuzi wake wawili, William Campbell na Satoshi Omura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichobadilika ni habari tu. Aprili 2020 watafiti wa Australia walieleza kwamba dawa hiyo inazuia kirusi cha UVIKO-19 kuongezeka ndani ya chombo cha maabara, na kutoka hapo habari ilitembea yenyewe.

Majaribio makubwa yaliyokuja kutoa jibu kwa watu, siyo kwa chombo cha maabara, yalichapishwa Machi na Oktoba 2022. Walionunua kwa bei ya juu walikwishanunua.

Wiki hii tunapitia dawa za zamani zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 ambao hawakulazwa, yaani wale wanaopewa dawa na kurudi nyumbani. Sababu ya kuchagua kundi hilo ni ya kibiashara. Mgonjwa aliyelazwa ni mteja wa hospitali, lakini aliyeko nyumbani ni mteja wa duka la mtaani, na ndiye anayenunua kwa kusikia.

MALI ISIYO NA MWENYEWE

Dawa ya zamani ina sifa tatu zinazompendeza mfanyabiashara. Madhara yake yanajulikana, viwanda vya kuitengeneza vipo tayari, na hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, imekwisha muda, hivyo bei iko chini. Sifa hiyo ya tatu ndiyo yenye kasoro. Jaribio la watu elfu moja au zaidi ni ghali mno, na hakuna kampuni itakayobeba gharama hiyo ili washindani wake wote wauze kidonge hicho hicho kesho yake.

Ndiyo maana majaribio yanayohesabika yalilipiwa na watu wasiouza dawa. Nchini Brazil, katika miji ya jimbo la Minas Gerais, jaribio liitwalo TOGETHER liliendeshwa kwa fedha za wafadhili. Nchini Marekani, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, NIH, ililipia jaribio la ACTIV-6, ambalo wagonjwa waliletewa vidonge nyumbani kwa posta. Uingereza ilikuwa na PRINCIPLE, chini ya Chuo Kikuu cha Oxford, kwa fedha za umma. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kiliendesha jaribio la COVID-OUT.

Utaratibu wa majaribio ya Brazil na Marekani ni mwepesi kuueleza. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu hupewa dawa, nusu hupewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, na wala mgonjwa wala mganga hajui nani kapata nini mpaka hesabu ifungwe. Bila hivyo hakuna hesabu, kwa kuwa wagonjwa wengi wa nyumbani hupona hata wasipofanya lolote. Mtu akinywa chai ya tangawizi siku ya tano ya mafua akapona siku ya saba, tangawizi itasifiwa mtaa mzima.

MATOKEO

Ivermektini ilipimwa Brazil kwa wagonjwa 1,358. Kati ya kila 100 waliopewa dawa, 14.7 walilazwa au kukaa chumba cha dharura zaidi ya saa sita. Kwa waliopewa kidonge kitupu walikuwa 16.3. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati tu inaweza kuileta. Marekani, kwa wagonjwa 1,591, wa dawa walichukua siku 12 kupona na wa kidonge kitupu siku 13. Watetezi wa dawa hiyo walisema dozi ilikuwa ndogo. Ikaongezwa, na siku za kumeza zikatoka tatu hadi sita. Kwa wagonjwa 1,206 matokeo yakawa siku 11 kwa 11.

Jaribio la Uingereza lilipata nafuu ya siku kama mbili hivi, lakini huko wagonjwa walijua wanameza nini, na watafiti wenyewe hawakuona kwamba nafuu hiyo ina uzito wa kutosha. Ripoti ya Misri iliyokuwa imeipaisha sana ivermektini mwaka 2020 iliondolewa Julai 2021 baada ya kasoro kubwa kuonekana katika takwimu zake.

Kampuni ya Merck, iliyoiingiza ivermektini sokoni, ilitangaza Februari 2021 kwamba haioni ushahidi wa maana kuwa inatibu UVIKO-19. Wengi walisema Merck inajitetea kwa kuwa ilikuwa na kidonge kipya jikoni. Kumtilia shaka mwuzaji si dhambi, na hata sisi hufanya hivyo kila wiki. Hata hivyo, waliokuja kupima bila fedha ya Merck waliishia pale pale.

Fluvoksamini, dawa ya wagonjwa wa sonona na mawazo yanayojirudia, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu ilishinda kabla ya kushindwa. Oktoba 2021 jaribio la Brazil, lenye wagonjwa 1,497, lilitangaza kwamba waliohitaji kulazwa au kukaa muda mrefu chumba cha dharura walishuka kutoka 16 hadi 11 kwa kila 100. Kwa dawa isiyo na hataza hiyo ilikuwa habari kubwa.

Lakini Mei 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikataa kuipa kibali cha dharura. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na saa za kukaa chumba cha dharura, wala si kulazwa au vifo. Kisha ACTIV-6 ikaipima, kwanza kwa nusu ya dozi ya Brazil, ikapata siku 12 kwa 13, halafu kwa dozi kubwa, ikapata siku 10 kwa 10. Mwandishi haoni kwamba Brazil walidanganya. Wagonjwa wao wengi walikuwa hawajachanjwa na kirusi kilikuwa kikali zaidi, hivyo kulikuwa na wengi wa kuokolewa. Kwa kifupi, bidhaa ilipimwa katika masoko mawili tofauti.

Kolchisini, dawa ya jongo, inatoa somo jingine. Januari 2021 watafiti wa Montreal, Kanada, walitoa taarifa kwa vyombo vya habari yenye shangwe nyingi. Ripoti kamili ilipotoka, wagonjwa walikuwa 4,488, na waliolazwa au kufa walikuwa 4.7 kwa kila 100 dhidi ya 5.8. Tofauti hiyo haikufikia kiwango ambacho wataalamu wa takwimu hukikubali. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo kwa taarifa ya Januari aliagiza kwa tangazo, siyo kwa hesabu.

Dawa ya kuvuta ya pumu, budesonaidi, ilipunguza muda wa kuugua huko Uingereza kutoka siku 14.7 hadi 11.8 kwa wazee na kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi wenye magonjwa mengine. Huko nako hakukuwa na dawa tupu ya kulinganisha. Marekani walipoipima ndugu yake, flutikasoni, kwa kulinganisha na kopo tupu la kuvuta, hawakuona nafuu. Azithromaisini na doksisaiklini, antibiotiki zilizouzwa sana wakati wa ugonjwa huo, hazikusaidia wagonjwa wa nyumbani wa Uingereza, na kila dozi iliyouzwa bure bure ni mchango kwa usugu wa vijidudu.

WALIOBAKI NA MZIGO

Katika dawa zote hizo, iliyotikisa biashara ya kimataifa zaidi ni haidroksiklorokwini. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka ndugu yake, klorokwini, na mwasho wake, kabla Tanzania haijaiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Machi 2020 ripoti ndogo ya Marseille, Ufaransa, ilidai inaondoa kirusi haraka, na Rais Donald Trump akaisifu hadharani. Ripoti hiyo iliondolewa rasmi na jarida lililoichapisha Desemba 2024, karibu miaka mitano baadaye.

Machi 25, 2020, India, mzalishaji mkubwa wa dawa hiyo, ilipiga marufuku kuiuza nje. Machi 28 FDA ilitoa kibali cha dharura kwa wagonjwa waliolazwa. Huko Lagos, Nigeria, maofisa wa afya walitangaza kwamba watu wamefikishwa hospitali baada ya kumeza klorokwini kupita kiasi. Wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi, ambao dawa hiyo ni yao kweli, walianza kuikosa madukani.

Juni 15, 2020, FDA ilifuta kibali chake. Kilidumu wiki 11 tu. Ghala la dharura la serikali ya Marekani likabaki na dozi milioni 63. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Minnesota kilichapisha jaribio la wagonjwa wa nyumbani 491, na mwaka 2021 Brazil nayo ikachapisha la kwake. Kote hakukuonekana faida.

Ghala la serikali linaweza kubeba hasara hiyo. Chukua sasa mfano wa mwuzaji wa jumla wa Kariakoo aliyekopa sh. milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, akanunua dawa iliyokwishapanda bei mara tatu. Riba peke yake ni sh. 300,000 kila mwezi. Bei ikirudi ilipokuwa, mzigo wake una thamani ya sh. milioni 6.7, na benki haijasimamisha saa. Mwenye mchele anaweza kusubiri msimu mwingine. Dawa ina tarehe ya kuisha muda, na iliyokwisha muda huteketezwa kwa gharama ya mwenye mali chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kuna dawa moja ya zamani iliyofaulu vizuri, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi ikiwa dukani. Deksamethasoni, ambayo ni rahisi kabisa, ilitangazwa Juni 2020 na jaribio la RECOVERY la Uingereza kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Nayo hupunguza kinga ya mwili na hupandisha sukari. Mwuzaji aliyesoma kichwa cha habari tu, akampa mteja anayekohoa aende nayo nyumbani, alimwuzia dawa sahihi ya mgonjwa mwingine.

UPANDE WA HISA

Mwekezaji mdogo atauliza: kama dawa za zamani hazikufua dafu, si bora nikanunua hisa za walio na dawa mpya? Swali ni la haki. Pfizer ilitangaza Novemba 2021 kwamba kidonge chake, Paxlovid, kinapunguza kulazwa na vifo kwa takriban asilimia 89 kwa wasiochanjwa walio katika hatari zaidi. Ripoti kamili ilithibitisha: 0.8 kwa kila 100 dhidi ya 6.3. Inafaa kukumbuka kwamba nusu ya Paxlovid ni ritonaviri, dawa ya VVU iliyoidhinishwa mwaka 1996, ambayo kazi yake humo ni kuizuia ini isiiharibu ile mpya haraka. Kwa hiyo dawa ya zamani ilifaulu, ila kwa kubebwa na mgeni.

Tufanye hesabu. Tofauti ya 5.5 kwa kila 100 maana yake ni kutibu watu 18 ili mmoja asilazwe au asife. Serikali ya Marekani ililipa karibu dola 530 kwa dozi, hivyo kumwepusha mtu mmoja kuligharimu kama dola 9,500. Kwa nchi tajiri hiyo ni bei nzuri, kwani kitanda cha hospitali ni ghali zaidi.

Mwaka 2022 Paxlovid iliuza dola bilioni 18.9. Lakini jaribio jingine la Pfizer yenyewe, lililochapishwa Aprili 2024 na kuwahusisha waliochanjwa pamoja na wasio na hatari kubwa, lilipata siku 12 za dalili kwa wa dawa na 13 kwa wa kidonge kitupu. Waliolazwa au kufa walikuwa 0.8 dhidi ya 1.6 kwa kila 100, tofauti ambayo inaweza kuwa ya bahati. Hata tukiichukua kuwa ya kweli, ni watu 125 kwa mmoja, na bei ya orodha ilikuwa imepanda hadi dola 1,390. Hesabu inavuka dola 170,000.

Soko halikusubiri ripoti hiyo. Mauzo ya Paxlovid mwaka 2023 yalishuka hadi dola bilioni 1.3, na Oktoba mwaka huo Pfizer ilifuta mali ghalani yenye thamani ya dola bilioni 5.5, nyingi zikiwa za kidonge hicho. Hisa iliyovuka dola 60 Desemba 2021 ilifunga mwaka 2023 chini ya dola 29. Aliyenunua hisa 100 siku za shangwe kwa dola 6,000 alikuwa na chini ya dola 2,900, bila kuhesabu gawio. Chanjo nazo zilichangia anguko hilo, lakini somo kwa mnunuzi wa kileleni ni lile lile.

Kidonge cha Merck, molnupiravir, kilikwenda njia fupi zaidi. Oktoba 2021 kilitangazwa kupunguza kulazwa na vifo kwa nusu, hesabu kamili ikaleta asilimia 30, na Uingereza ilipokipima kwa watu zaidi ya 25,000, wengi wao wakiwa wamechanjwa, waliolazwa au kufa walikuwa kama mmoja kwa kila 100 pande zote mbili. Waliokitumia walipona mapema kwa siku chache, basi.

NA HUKU KWETU

Afrika haikukaa kando kabisa. Novemba 2020 shirika la DNDi na washirika wake walizindua ANTICOV, jaribio la wagonjwa wasiolazwa katika nchi 13, zikiwamo Kenya, Uganda na Kongo. Lilikusudiwa kupima dawa zilizozoeleka hapa, na baadaye likaingiza mchanganyiko wa ivermektini na dawa ya malaria. Inasikitisha kwamba fedha na wagonjwa vilipatikana polepole kuliko Brazil, na majibu makubwa yakaja kutoka kwingine, kwa wagonjwa wenye umri na magonjwa tofauti na wa kwetu. Mwagizaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaendelea kuamua kwa takwimu za Minas Gerais.

Imebaki metfomini, kidonge cha kisukari ambacho kiko karibu kila famasi nchini na ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa. Brazil waliijaribu wakasitisha mapema, kwa kuwa hawakuona faida. Katika COVID-OUT, lililohusisha watu 1,323 wenye uzito wa kupita kiasi, nayo ilishindwa katika kipimo kikuu kilichokuwa kimepangwa. Lakini watafiti waliendelea kuwafuatilia wagonjwa hao hadi siku ya 300. Kwa walioimeza metfomini kwa siku 14, waliogunduliwa kuwa na UVIKO wa muda mrefu walikuwa 6.3 kwa kila 100. Kwa waliomeza kidonge kitupu walikuwa 10.4. Ripoti hiyo ilichapishwa Juni 2023. Ivermektini na fluvoksamini, zilizopimwa katika jaribio hilo hilo, hazikuonyesha tofauti ya namna hiyo.

Ni matokeo ya jaribio moja, kwa watu wa aina moja, na daktari ndiye wa kusema nani apewe, hasa kwa wenye matatizo ya figo. Inayomhusu mfanyabiashara ni tabia ya soko. Hakuna rais aliyeisifu, hakuna nchi iliyopiga marufuku kuiuza nje, na wateja wa kisukari hawakuikosa hata siku moja kwa sababu ya habari hiyo.